Pikipiki Iliyobadilishwa Akili

Rwenkende, Muleba
9 Februari 2025

Joyness binti Mwijage,

Nimeshika kalamu kwa sababu simu uliikata. Usiniambie ni mtandao. Mtandao haukati mtu katikati ya neno "mzembe". Barua haikatiki, utaisoma mpaka mwisho, na ukiichana ujue umechana maneno ya dada wa marehemu baba yako.

Nyegera. Salamu hiyo ya kwetu uipokee, huku tupo. Kibanja kimeingiwa na mnyauko upande wa bondeni, nimefyeka migomba na kuichoma, moyo unauma lakini ndiyo dawa. Mama yako amenitumia salamu kutoka Rubafu, anasema magoti yanamsumbua na wewe hujafika huko tangu Krismasi. Nenda. Agnetha wa kwaya, ambaye huja Bukoba kila Jumanne na ndizi zake, ndiye anakuletea barua hii na mkungu mmoja. Usimpe mwenye nyumba wako wa Kashai mkungu wote, najua ulivyo na haya.

Sasa jambo lenyewe. Tarehe 14 Januari, asubuhi, mwanangu Kashaija, binamu yako, alimpakia Mzee Karugendo, mzee wetu wa kanisa, kumpeleka kwenye kikao. Walipofika katikati ya kilima pikipiki ikazima. Haikukohoa, haikulia. Ikazima kama taa, ikarudi kinyumenyume, breki akazishika zote wakaanguka mtaroni. Mzee Karugendo kavunjika nyonga. Kashaija kavunjika mguu wa kulia. Haya unayajua.

Usiyoyajua ni kwamba kampuni yako, iliyotuuzia pikipiki hiyo ya umeme, imetuandikia. Nanukuu, maana nimeisoma hadi karatasi imelegea: "Uchunguzi wetu umeonyesha kuwa chombo hakikuwa na hitilafu yoyote. Ajali ilitokana na uzembe wa dereva." Uchunguzi gani, Joyness? Nani alikuja? Rwenkende ni kijiji kidogo, akipita mbuzi mgeni tunajua. Hakufika mtu. Pikipiki iko kituoni polisi imefunikwa turubai na kuku wanataga chini yake.

Kwa barua hiyo Kashaija amefunguliwa kesi ya kuendesha kwa uzembe, itasikilizwa mwezi wa tano. Kwa barua hiyo hiyo wazee wa kanisa wamemtenga na meza ya Bwana na kumnyang'anya tarumbeta. Tarumbeta aliyoipuliza tangu Kipaimara. Akisema "ilizima yenyewe", vijana kijiweni wanamuuliza kama pikipiki nayo inakunywa rubisi.

Na ni wewe uliyekuja hapa Pasaka ya mwaka juzi umevaa fulana ya kampuni. Ni wewe uliyesema shangazi uza ng'ombe, hii haili petroli, haiharibiki. Sasa uko ofisini Bilele kwenye kiti kinachozunguka. Zunguka basi unitazame, uniambie hao watu walichunguza nini.

Shangazi yako,
Kokwijuka


Kashai, Bukoba
20 Februari 2025

Shangazi,

Shikamoo. Nilikata simu, ni kweli, nisamehe. Bosi alikuwa amesimama nyuma ya kiti hicho unachokisema. Hakizunguki, kimekufa.

Mkungu nimeupata, Agnetha naye nimemnywesha chai. Hapa Kashai tunaendelea, maji yanatoka kwa zamu na majirani wanagombana kwa zamu. Kwa mama nitakwenda Jumapili. Nimesikitika juu ya kibanja, hasa upande ule aliopanda babu.

Shangazi, nisikilize vizuri, maana hili sikuwahi kukuambia na nilipaswa kukuambia siku ileile ya fulana. Pikipiki hii ndani yake ni kompyuta. Mota haigeuki mpaka kompyuta iiambie geuka. Na kampuni inaweza kubadilisha maagizo hayo kutoka mbali, usiku, pikipiki ikiwa kwenye chaji, bila mtu kuigusa. Sisi tunaita apdeti. Unalala pikipiki ikiwa na akili moja, unaamka ina nyingine.

Kila apdeti ina kumbukumbu yake: tarehe, saa, na maelezo ya kilichobadilishwa. Kompyuta yangu ya ofisini hainionyeshi hayo, mimi napokea malalamiko tu. Lakini ipo njia nyingine, ya mwenye pikipiki mwenyewe, imeandikwa kwenye ukurasa wa mwisho wa mkataba kwa herufi za sisimizi. Nimeisoma. Nitaijaribu kwa niaba yako. Naomba namba ya fremu, imechongwa chini ya usukani, upande wa kulia.

Mambo mawili ya mwisho. Barua zijazo Agnetha asizilete ofisini. Aziache dukani kwa Mama Indumati, pale karibu na soko, yeye ananifahamu.

La pili ni swali. Wewe mwenyewe, Shangazi, unamwamini Kashaija?

Mwanao,
Joyness


Rwenkende
16 Machi 2025

Joyness,

Nyegera. Nimechelewa, Agnetha aliugua malaria na mimi sikutaka kumpa mtu mwingine barua, maana hapa watu wanazisoma barua za wenzao na kuzirudisha zimefungwa vizuri zaidi. Mvua zimeanza. Maharage yameota. Binti wa jirani, Kemilembe, amejifungua wa kiume, wamemwita Godlisten.

Namba ya fremu ni hiyo niliyoandika nyuma ya karatasi. Kuipata si mchezo. Askari aliniambia pikipiki ni kielelezo, haiguswi. Nikamwambia sitaigusa, nitaitazama. Akasema na kutazama kuna utaratibu wake. Nikakaa kwenye benchi lao, nikatoa Biblia, nikaanza kumsomea Mambo ya Walawi kwa sauti. Kabla sijamaliza sadaka za kuteketezwa akaniruhusu.

Nimeyatafakari uliyoniandikia na hasira zimezidi. Mtu anaingia kwangu usiku bila hodi, anabadilisha kitu nilichokiuzia ng'ombe, anatoka, na asubuhi haniambii hata "mama, kumbe nilipita". Babu yako alikuwa akitusimulia habari za nyarubanja, wakati mtu analima kibanja, anapanda migomba, anazeeka juu yake, kumbe ardhi ina bwana wake anayeweza kusema ondoka. Tulidhani yaliisha. Kumbe yamehamia kwenye pikipiki.

Uliniuliza swali. Kashaija anakula vizuri. Mguu unaunga.

Na mimi nina langu. Kwa nini nipeleke barua dukani kwa Mama Indumati na wewe una ofisi yenye kibao? Kazini kuna nini?

Shangazi yako


Kashai
30 Machi 2025

Shangazi,

Shikamoo tena na pole na mvua. Nilikwenda Rubafu, mama magoti yana nafuu, anakusalimu na anasema Mambo ya Walawi yamemchekesha hadi akasahau kumwaga maji ya ndizi. Mpe hongera Kemilembe.

Nimejaribu. Nikueleze ilivyo ili usidhani nachezacheza. Kompyuta kuu ya kampuni iko Dar, na ina kidirisha ambacho mashine nyingine zinaweza kuiuliza maswali na kujibiwa. Kidirisha hicho kinaitwa API. Binadamu hasimami pale kwa mdomo, anatumia programu: unaandika swali kwa mpangilio wanaoutaka, unabonyeza tuma, jibu linarudi. Mimi nimepakua programu ya namna hiyo kwenye kompyuta ya Mama Indumati. Swali langu ni fupi: pikipiki yenye fremu hii, niletee historia ya apdeti zake zote. Inadai vitu vitatu: namba ya fremu, jina la mmiliki kama lilivyoandikishwa, halafu inatuma tarakimu sita kwenye simu ya mmiliki ili athibitishe ni yeye.

Namba ya fremu imekubali. Jina limekataa. Nimeandika Kokwijuka Kamala. Mmiliki hapatikani. Nimeandika Kamala Kokwijuka. Hapatikani. Nimemjaribu Kashaija, nimemjaribu hata marehemu mumeo, Mungu anisamehe. Nimeandika Kokwijuka kwa kila kosa ambalo mtu wa Dar angeweza kulifanya. Hapatikani.

Nikapiga simu makao makuu. Dada mmoja, sauti laini, akaniambia: "Kama jina lake halipo kwenye mfumo, basi huyo mama si mteja wetu, na asiye mteja hana haki ya kuuliza." Nikamuuliza, barua ya kusema mtoto wake ni mzembe mlimwandikia kama nani? Akasema anaona hilo ni nje ya ombi langu.

Shangazi, ona. Wanakufahamu wakitaka kukulaumu. Ukitaka kuwauliza, huna jina.

Nisimulie siku ile mliyoandikishwa. Kila kitu, hata upuuzi. Yule wakala aliandika nini?

Kazini salama.

Na hujanijibu. Sikuuliza kama anakula.

Joyness


Rwenkende
13 Aprili 2025

Joyness,

Leo ni Jumapili ya Matawi. Tumeandamana na matawi yetu kutoka njia panda hadi kanisani, matarumbeta mbele, na safu ya pili ilikuwa na pengo. Hawakulijaza. Nadhani waliona aibu. Kashaija alikaa nyumbani mlango umefungwa, lakini nilipopita chini ya nyumba nilimwona dirishani, vidole vyake vinabonyeza hewa. Sikuweza kuimba Hosana. Nilibeba tawi kama mtu anayebeba ufagio.

Mama yako mwambie nampelekea kahawa ya kutafuna Pasaka ikiisha.

Sasa. Mimi sipo kwenye mfumo? Mimi niliyezaliwa hapa, nikabatizwa hapa, nikapiga kura mara zote hata zile ambazo mvua ilitunyeshea foleni nzima? Kwenye daftari la kanisa nipo, kwa mtendaji wa kijiji nipo, kwa watu wa bima nipo. Ng'ombe wangu walipomchukua hawakuuliza kama yupo kwenye mfumo. Mwambie huyo dada wa sauti laini aje Rwenkende nimshike mkono, aone kama nipo.

Siku ile nakumbuka vizuri. Ilikuwa Jumamosi. Wakala alikuwa kijana mwembamba wa Dar, ana kishikwambi, ameketi kwenye kiti cha plastiki ubavuni mwa kanisa kukwepa jua. Nyuma ya ukuta vijana wa tarumbeta walikuwa wanafanya mazoezi, na Kashaija wako ndiye aliyekuwa anapiga kuliko wote kwa furaha ya pikipiki. Nilikuwa sisikii hata mawazo yangu. Kijana ananiuliza jambo kwa Kiswahili kile chao cha haraka, meno hayafunguki. Mimi nikaelewa ananiuliza, mama, ni wewe mwenye pikipiki? Nikamjibu kwa adabu, kwa Kihaya, kama ninavyomjibu mgeni yeyote: Ego, waitu. Akauliza tena, akigonga kioo kwa kidole. Nikajua hasikii kwa ajili ya matarumbeta. Nikapaza: Ego, waitu. Akatabasamu, akaandika, akasema "jina zuri sana mama", mimi nikadhani anazungumzia wimbo. Halafu akachukua namba ya simu, nikaweka dole gumba, tukaondoka.

Ndiyo yote. Upuuzi uliouomba ndio huo. Kama kuna kosa hapo ni la kwao.

Kesi ni tarehe 21 mwezi ujao. Wakili hatuna, tuna Mungu na wewe, na nyote wawili mnajibu kwa kuchelewa.

Shangazi yako


Kashai
4 Mei 2025

Shangazi wangu,

Shikamoo. Nianze na jambo ambalo tayari unalijua nusu, kwa kuwa Jumamosi nilikupigia na hukunikatia, na mimi sikukukatia. Uliponisomea zile tarakimu sita kwa sauti ya kusoma zaburi, hukuniuliza zimetoka wapi, na mimi sikukuambia kwa sababu nilikuwa nacheka na kulia, na zile tarakimu huwa zinakufa baada ya dakika chache.

Barua yako ya Matawi nilikuwa naisoma kwa sauti dukani. Siku hizi mchana niko kwa Mama Indumati, namsaidia kuchapa na kutoa kopi. Nilipofika pale kijana anapouliza mara ya pili, yule mama wa watu akaweka miwani juu ya meza. Ni Mhindi, lakini amezaliwa hapa Bukoba, Kihaya chake kinanizidi mimi. Akasema, "Joyness, huyo mtoto hakuuliza kama ni mwenye pikipiki. Aliuliza jina. Majina mawili."

Nikakimbilia kompyuta. Fremu, ileile. Jina la kwanza: Ego. Jina la pili: Waitu.

Mmiliki amepatikana.

Shangazi, kwa miaka miwili wewe kwa kampuni ile ni Bibi Ndiyo Bwana. Ulimjibu mtoto wa watu kwa heshima, akaiandika heshima yako kama jina, na kwa heshima hiyo hiyo wakakunyima haki ya kuuliza. Mama Indumati alicheka hadi mteja akatoka. Mimi nilicheka pia, halafu jibu likafunguka kwenye kioo na kicheko kikaniisha.

Nimekuchapia karatasi yote, iko ndani ya bahasha hii, kopi tano. Mistari mingi haina maana. Soma hii mitatu, nimeinakili kama ilivyo:

"14 Januari, saa 8:40 usiku. Toleo jipya limewekwa. Maelezo: kupunguza nguvu ya mota betri ikipata joto."

Hiyo ni usiku wa kuamkia ajali. Kashaija amelala, pikipiki iko kwenye chaji barazani kwako.

"17 Januari, saa 9:15 usiku. Toleo la marekebisho limewekwa. Maelezo: kurekebisha tatizo la mota kuzima ghafla kwenye mwinuko mkali chombo kikiwa na abiria."

Rudia huo mstari, Shangazi. Mimi nimeurudia hadi macho yakauma. Siku tatu baada ya kilima. Pikipiki ikiwa imelala kituoni chini ya turubai, betri bado ina uhai kidogo, wakaifuata hukohuko kwa mawasiliano ya simu wakaitibu. Pikipiki ilipata dawa. Kashaija hakupata hata pole.

Mstari wa tatu si wa kompyuta, ni tarehe ya barua yao waliyokuandikia: 30 Januari. "Chombo hakikuwa na hitilafu yoyote." Walijua. Hawakukosea, hawakuchelewa kupata taarifa. Walikwisha kurekebisha kitu ambacho wanasema hakikuharibika. Mtu akishona shati halafu akaapa halikuchanika, tunamwitaje?

Mpelekee hakimu karatasi hii, nami siku ileile nitahakikisha kwamba barua pepe yenye jibu lote imefika kwa mwendesha mashtaka. Wapelekee wazee wa kanisa. Na wakikuuliza umeipataje, sema mwenye mali ameuliza habari za mali yake, kupitia mlango ambao wao wenyewe wameuweka. Sikuvunja kitu.

Mara ya tatu naomba jibu. Sasa una karatasi, lakini niliuliza kabla ya karatasi.

Mwanao,
Joyness


Rwenkende
1 Juni 2025

Joyness mwanangu,

Nyegera. Maharage tumevuna, ni mazuri, debe lako liko kwa Agnetha. Upande wa bondeni nimepanda machipukizi mapya, nimeomba ya mbegu safi. Mama yako alikuja juzi kwa miguu yake mwenyewe kutoka kituo cha basi, kwa hiyo hayo magoti sasa ni kisingizio.

Nianze na mahakama. Mwendesha mashtaka alikuwa na ile karatasi mbele yake, imepigwa mistari ya kalamu nyekundu. Kampuni ilileta kijana wa tai. Alisema historia ile haiwezi kukubaliwa kwa sababu iliombwa na mtu asiyejulikana. Hakimu, ambaye si wa huku, akatazama karatasi akauliza kwa sauti: "Ego Waitu ni nani? Yupo?"

Mimi nikasimama nikajibu kama ninavyojibu siku zote. Ego, waitu.

Mahakama nzima ilianguka kicheko. Karani aliinamia meza mabega yanacheza. Hakimu akadhani namdharau, ikabidi karani ajifute macho na kumweleza. Alipoelewa hakucheka. Alimgeukia yule wa tai, akamuuliza swali moja: "Tarehe 17 mlirekebisha nini?" Kijana akapekua mkoba. Akapekua tena. Akasema angehitaji kuwasiliana na makao makuu. Mwendesha mashtaka akasimama akaomba kuiondoa kesi, na ikaondolewa, na hakimu akaagiza ile karatasi iende kwa wanaohusika na usalama wa vyombo. Tutaona. Mimi siwashangilii bado. Kampuni mpaka leo haijaandika neno. Kulaumu waliandika ndani ya wiki tatu, kuomba radhi kalamu imekauka. Zipo pikipiki zao ngapi kwenye milima yetu, na wangapi wameanguka wakaambiwa wazembe wakanyamaza?

Mzee Karugendo alikuja hapa kwa mkongojo, tarumbeta iko kwapani, akasema mbele ya wazee wenzake kwamba walihukumu haraka. Nikamwambia si haraka tu, mlihukumu kwa barua ya mtu msiyemjua dhidi ya mtoto mliyembatiza. Tarumbeta aliiacha mezani. Bado iko mezani.

Sasa wewe. Agnetha alipita Bilele wiki iliyopita, akasema aingie akusalimie. Akaambiwa Joyness hayupo hapa tangu mwisho wa mwezi wa pili, aliachishwa kwa kuwaambia wateja mambo ya ndani ya kampuni. Mambo gani ya ndani? Ukurasa wa mwisho wa mkataba? Na mimi huku nilikuwa nakuandikia kuhusu kiti kinachozunguka. Uliniambia "kazini salama" na kazi huna. Ulikuwa unakula nini, mtoto wa Mwijage? Nimekasirika na wao, nimekasirika na wewe, na zaidi nimekasirika na mimi niliyesoma "siku hizi mchana niko kwa Mama Indumati" nikapita juu yake kama mtu anayeruka dimbwi. Njoo nyumbani ukae wiki mbili. Si ombi. Mshukuru yule mama kwa niaba yangu, Agnetha anamletea senene tuliowakausha mwaka jana. Kama dini yake haimruhusu kula senene, awapokee tu kwa heshima.

Umeniuliza mara tatu. Nilikujibu mguu, nilikujibu chakula, mara ya pili nikakujibu Hosana. Ukweli ni kwamba sikumwamini. Nilipiga kelele kwa kampuni, kwa polisi, kwa kanisa, kijiji kizima kikasema mama Kashaija anampigania mwanawe. Nyumbani nilimpa uji, nikamgeuza kitandani, nikamfunga bandeji. Neno sikumpa. Kila aliposema ilizima yenyewe, mimi niliangalia sufuria.

Tuliporudi kutoka mahakamani watu walituacha mlangoni. Nikamwonyesha karatasi yako, ile kopi ya tano niliyomwekea. Aliisoma, akaikunja vizuri kwenye mikunjo yake, akanirudishia. Akasema, "Mama, karatasi umeiamini siku uliyoipata. Mimi nilikuambia Januari."

Sikuwa na pa kutazama, sufuria ilikuwa tupu. Nikakaa. Na yeye akakaa, mguu ameunyoosha, tarumbeta ile katikati yetu mezani. Halafu akaniuliza, polepole, kwa Kihaya, kama ninamwamini yeye au ninaiamini karatasi. Akauliza: "Mimi mwenyewe, bila karatasi. Unaniamini?"

Safari hii hakuna aliyekuwa anapiga tarumbeta, Joyness. Swali nililisikia vizuri. Nikasimama kama mtu anavyosimama mbele ya mkubwa wake, nikamjibu mwanangu.

Ego, waitu.

Shangazi yako,
Kokwijuka